Ugumu Hutafutwa Kwenye Pipa la Maji

Fundi akipima kipande cha feleji kilichofuliwa akakuta ugumu hauifikii namba ya kwenye mchoro, mara nyingi hukimbilia tanuri la pili, lile la kupashia tena chuma kilichokwisha kutoswa majini. Safari hii anakipasha upya kwa nyuzi 450 badala ya 550, anapima tena, namba imekaa, mzigo unaondoka. Mimi tabia hiyo siipendi hata kidogo.

Feleji yenye kaboni ya asilimia 0.45 hivi, ikipashwa hadi nyuzi 840 za sentigredi na kutoswa majini vizuri, uso wake hupita 50 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C, hata kukaribia 58 kama kipande ni chembamba. Moto wa pili kazi yake ni kuushusha ugumu huo ili chuma kisivunjike kama kioo. Hauongezi kitu. Kama kipande kimetoka majini na 38, ndani yake pana mchanganyiko wa matensiti, yaani muundo mgumu unaozaliwa chuma kikipozwa ghafla, na muundo laini, na kupunguza moto wa pili kunaficha tu hali hiyo. Shafti ya namna hiyo itapita ukaguzi, ila haitahimili mishtuko kama iliyoiva sawasawa.

Kwa hiyo pima kabla ya moto wa pili. Nitaambiwa kwamba chuma kilichotoka majini kikicheleweshwa kuingia moto wa pili hupasuka, na ni kweli. Basi tosa kimoja kwanza, kikague haraka, ndipo uruhusu vingine. Hata tupa itakupa fununu: kwenye chuma kilichokolea huteleza, kwenye kilicholegea hung'ata.

Ila usihukumu kwa kupima juu ya ngozi. Kipande kilichofuliwa kimeingia motoni zaidi ya mara moja, na hewa ya tanuri imekula kaboni ya uso wake. Kisage mahali pamoja mpaka upite ile ngozi laini, taratibu, bila kukiunguza. Nimeona watu wakirudisha mzigo mzima tanurini kwa sababu ya ngozi hiyo, na kila kurudi kunaiongezea unene!

Ngozi ikiwa haina kosa, nenda kwenye pipa. Chuma chekundu kikiingia majini hujivika blanketi la mvuke, na mvuke hupitisha joto kwa shida. Kikiachwa kimetulia, kitabaki na madoa laini. Kitikise, au yakoroge maji. Chumvi nayo hulivunja blanketi hilo mapema. Magamba mazito ya kufulia nayo huzuia joto kutoka, kwa hiyo yaondoe. Halafu angalia joto la maji yenyewe: ya kipande cha kwanza si yale ya kipande cha ishirini. Oili ina tabia tofauti, ikiwa na nyuzi 50 au 60 hupoza vizuri kuliko ikiwa baridi, kwa sababu ni nyepesi zaidi.

Unene ni jambo ambalo fundi hana dawa nalo. Shafti ya milimita 100 ya feleji ya kaboni tupu haitakolea hadi katikati, hata uikoroge vipi. Hapo panahitajika feleji yenye kromiamu na molibdeni, kama ile ya daraja la 4140, na huo ni uamuzi wa mchoraji. Wachoraji wengine huandika namba moja ya ugumu bila kusema ipimwe usoni au katikati, kisha lawama zinamwangukia aliyeshika koleo.