Comet na hukumu ya madirisha ya mraba

Makumbusho ya ndege za de Havilland huko London Colney, Uingereza, yanatunza kiwiliwili cha Comet 1A iliyokuwa ya Air France; Comet ndiyo aina ya kwanza ya jeti ya abiria duniani. Mabawa hayapo, lakini madirisha yake ya pembe nne yapo, na hayo ndiyo yaliyoliponza jina lake. Wengi wanaijua kwa sentensi moja: wahandisi walikata madirisha ya mraba, ndege zikapasuka angani, watu wakafa. Kwa mtazamo huo, kuihifadhi ni kuuenzi uzembe.

Wanaolaumu wana hoja. Januari 10, 1954, Comet iliyoitwa Yoke Peter ilisambaratika karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Safari zikasitishwa, ndege zikafanyiwa marekebisho kadhaa, na Machi 23 zikaruhusiwa kuruka tena ilhali chanzo hakijajulikana. Aprili 8 nyingine ikaanguka karibu na Napoli na kuua watu 21. Uamuzi ule wa Machi hautetewi.

Lakini kuirudisha ndege angani mapema ni kosa moja, na kuisanifu ni jambo jingine. Hapa ndipo Comet inapoonewa. Baada ya ajali, watafiti wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walikizamisha kiwiliwili cha Comet kwenye tanki la maji, wakawa wanakijaza shinikizo na kuliondoa, kana kwamba ndege inapanda na kushuka. Ndege hiyo ilikuwa imeruka mara 1,221. Baada ya mizunguko mingine 1,836 ikapasuka. Jumla 3,057. Kiwanda nacho kilikuwa kimejaribu kipande cha kiwiliwili kabla ya ajali, kikastahimili mizunguko zaidi ya 15,000.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Si kwa udanganyifu. Kipande kile kilikuwa kimeshabanwa kwa shinikizo karibu maradufu ya lile la safarini, ili kuthibitisha nguvu zake. Mbano huo ulivuta metali ya kwenye kona ikanyooka kidogo na kubaki hivyo, na metali iliyopitia hali hiyo huchelewa kupata ufa. Ndege za abiria hazikubanwa kiasi hicho. Kwa maneno mengine, ukali wa jaribio ndio uliokiimarisha kipande na kuwapa wahandisi jibu la uongo. Mzembe hajaribu kitu kwa shinikizo maradufu. Na wakati ule, uchovu wa metali, yaani metali kupata ufa kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, katika kiwiliwili chenye shinikizo haukuwa umeeleweka vizuri popote duniani.

Umbo la matundu lilichangia, ni kweli. Kona hukusanya mkazo, na kwenye tanki mpasuko ulianzia konani. Ila ufa wa Yoke Peter ulihusishwa na matundu ya antena juu ya paa, wala si dirisha la abiria.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua habari hii sawasawa. Yoke Peter hiyohiyo ndiyo iliyofungua safari za jeti za abiria duniani, Mei 2, 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Na mwaka 1960 East African Airways ilianza kurusha Comet 4, ndege iliyosanifiwa kwa maarifa ya lile tanki. Abiria wake walifika salama kwa sababu kuna watu waliokubali kupasua ndege nzima ili wajue ukweli, kisha wakauweka wazi hata washindani wao wausome.