Karatasi ya kura ndefu kama mkeka

Novemba 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza hapa Chicago. Urais nilimalizana nao haraka, shughuli ikawa majaji. Majina makumi kwa makumi, kila moja na swali lake: abaki kazini, ndiyo au hapana? Asiyefikisha asilimia 60 za ndiyo anafungasha virago. Mzee wa meza ya jirani alikuwa anajaza vimviringo vyake huku akichungulia kikaratasi alichotoka nacho nyumbani. Mimi sikuwa na kikaratasi.

Kwetu Tanzania jaji huteuliwa na Rais, na Katiba inamkataza kujiunga na chama chochote. Ameachiwa haki ya kupiga kura tu. Niliwatambia wenzangu kazini kwa hilo. Mmoja wao, mzaliwa wa hapa, akacheka, akaniambia niende Mtaa wa 35 nikaone kaburi la Stephen Douglas, mwanasiasa wa zamani wa hapa.

Nikaenda Jumapili. Nguzo ndefu ajabu, juu yake sanamu ya mtu ambaye enzi za uhai wake alikuwa mfupi mpaka wakamwita "Jitu Dogo". Kijana wa Vermont aliyeanza kwa kujifunza useremala, akaingia Illinois, jimbo hili la Chicago, mwaka 1833 akiwa na miaka 20, akafundisha shule kidogo, kisha akawa wakili. Mwaka 1841, akiwa na miaka 27 tu, tayari ni jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya jimbo.

Alifikaje huko? Hapo ndipo nilipokaa chini. Katiba ya Illinois ya wakati ule iliwapa kura wanaume weupe wakazi wa miezi sita, haikusema lazima wawe raia. Waairishi waliokuwa wakichimba mfereji walipiga kura, na wengi walikipa chama cha Democrats. Wapinzani wao, Whigs, wakaenda mahakamani kuwazuia. Douglas akawa miongoni mwa mawakili waliowatetea wageni hao. Lakini mahakama ilikuwa na majaji wanne, watatu wa Whigs, na chama chake Douglas, Democrats, hakikutaka kubahatisha: kikapitisha sheria ya kuongeza majaji watano, wote wa kwao. Mmoja wao ni yeye.

Mwaka 1843 akaacha ujaji akaenda Bungeni Washington, 1847 akaingia Seneti. Mwaka 1854 ni yeye aliyesukuma sheria ya kuwaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kama watakuwa na watumwa. Katika midahalo saba na Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa Rais, mwaka 1858 alisema bila kuficha kwamba serikali hii iliwekwa kwa ajili ya weupe. Yaani mtetezi wa kura ya mhamiaji, ila mimi, mhamiaji mweusi, asingenitetea. Na mtaa unaozunguka kaburi lake leo umejaa watu weusi.

Sasa, kwetu? Siasa humfuata jaji akishavua joho. Marehemu Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu kuanzia 2007 hadi 2010, alichukua fomu ya CCM mwaka 2015 kuomba kugombea urais. Simsemi vibaya, heshima yake iko palepale. Nasema tu kwamba hapa Illinois majaji wengi huanza kwa kugombea kwa tiketi ya chama, kwa hiyo chama chao kinajulikana tangu siku ya kwanza; sisi tunakuja kujua jaji akishastaafu. Hata hivyo sitaki tuwapigie kura majaji wetu, hilo Chicago imenitoa hamu. Ningeridhika tukiiga majirani zetu Wakenya, ambao Tume yao ya mahakama huwahoji waombaji wa ujaji hadharani, mtu akiulizwa maswali magumu huku nchi nzima inatazama kwenye televisheni.

Siku ile mwishowe niliweka ndiyo kwa wote nisiowajua. Mmoja tu nilimwekea hapana, kwa sababu dada mmoja wa kwetu, mkalimani mahakamani, aliniambia huwafokea mashahidi wasiojua Kiingereza. Alipita kwa asilimia sabini na ushee.