Chumba cha maombi kinahitaji mlango

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mtu akiumia moyoni haanzi kwa mwanasaikolojia. Anaanza kanisani. Anamtafuta mama wa maombi, shemasi au mchungaji, mtu anayemjua kwa jina, aliyekaa naye matangani alipofiwa. Mimi kazini ni APS, wale wasaidizi wa kisaikolojia mnaowakuta kwenye vituo vya afya, na Jumapili ni shemasi, na sioni ubaya wowote katika utaratibu huo. Kanisa liko karibu, halidai pesa ya fishi (kadi ya mgonjwa), halina foleni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye vita mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Wanasaikolojia wa mji huu hata wasipolala hawawezi kuwafikia wote. Kwa hiyo, baba zangu wachungaji na mama zangu wa maombi, ninyi ndio mnaosikia kwanza, na kwa sababu hiyo nataka tuzungumze juu ya siri.

Niliwahi kuhudhuria ibada moja kule Kadutu. Mahubiri yalikuwa yamekwisha, kinanda kikipigwa taratibu, kiongozi akamwita mbele dada mmoja atoe ushuhuda. Wiki ile alikuwa ameombewa. Akaanza kwa kumshukuru Mungu, kisha kiongozi akamsogezea maikrofoni na kumwambia asifiche kitu, ampe Bwana utukufu wote. Basi akasema yote: njia ya shamba, idadi ya wanaume, maneno ya mume wake aliporudi nyumbani. Watu waliitikia Amina. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Alishika ncha ya kitenge, akaikunja, akaikunjua, na kila alipoambiwa "endelea, mama" aliikunja tena kwa nguvu zaidi. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Habari zake zilikuwa zimeshafika sokoni, na wauza mboga ambao hawajawahi kukanyaga kanisa lile walikuwa wanazisimulia.

Kiongozi yule hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwamba ushuhuda hujenga, na mimi pia naamini hivyo. Lakini ushuhuda ni mali ya aliyeteseka. Anautoa akitaka, siku anayotaka, kwa maneno anayochagua mwenyewe, na asipoutoa kamwe Mungu hajapungukiwa utukufu. Kulazimishwa kusimulia mbele ya watu mia mbili yale ambayo mwili wenyewe bado unayakimbia si uponyaji. Sisi tuliosomea kazi hii tunafundishwa kwenda polepole, kumwacha mtu asimame pale anapotaka kusimama, kumpa kwanza usalama kabla ya kugusa kidonda. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza.

Kutunza siri si jambo la wazungu wala la hospitali. Mithali 11:13 inamsifu mwenye roho ya uaminifu kwa sababu anasitiri mambo. Yesu anamwambia mwenye kuomba aingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Ndugu zetu Wakatoliki waliliwekea sheria zamani sana: Mtaguso wa nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa Kanisa lao wa mwaka 1215, uliagiza kwamba padre atakayetoa siri ya kitubio avuliwe ukuhani. Sisi wa makanisa ya uamsho tumewapa mama zetu wa maombi kazi nzito kama ile ya kitubio bila kuwafundisha kufunga mdomo. Jambo linasemwa chumbani saa nne, saa sita linageuzwa "ombi la pamoja" kwenye kikundi cha WhatsApp, jina likiwa limefichwa kidogo tu na kila mtu akijua ni nani.

Siri ina mpaka wake, na mpaka huo pia unafundishwa. Mtu akikuambia amepanga kujiua, au mtoto akikuambia kuna mkubwa nyumbani anayemwumiza, husemi "nitakuombea" ukanyamaza. Unatafuta msaada siku hiyohiyo, na unamwambia wazi kwamba unautafuta.

Halafu kuna suala la saa. Hili linaniuma kuliko yote. Mwanamke aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za PEP, zinazozuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini, na hata ndani ya muda huo kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa 120. Sasa hesabu mwenyewe: saa 72 ni siku tatu, na siku tatu ndizo tunazopenda kumwekea mtu za mfungo mkavu anapokuja analia. Akitoka kwenye mfungo, mlango wa hospitali umeshafungwa kwa dawa zile za PEP. Mpeleke leo. Fungeni ninyi mliobaki, ninyi wazima, yeye awe njiani kwenda hospitali ya Panzi na shemasi mmoja anayejua kunyamaza.

Na asiniambie mtu kwamba hospitali ni ya wasio na imani. Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege chini ya kanisa la Kipentekoste, CEPAC. Yeye ni mtoto wa mchungaji, naye mwenyewe anahubiri. Dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi ambayo ndani yake daktari, mwanasaikolojia na mwanasheria wanamhudumia mama mmoja, na wale wasaidizi wanaoitwa Maman Chérie wanamshika mkono tangu anapoingia. Sosame, hospitali tunakopeleka wagonjwa wa akili, inaendeshwa na Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki. Kwa hiyo anayetumia dawa za Sosame asiambiwe aziache ili aonyeshe imani. Huko ni kumrudisha shimoni.

Wenzangu wa taaluma nao wana deni. Wapo wanaoona aibu kumwuliza mteja kuhusu Mungu, kana kwamba jambo hilo linachafua faili. Mama aliyeacha kuimba tangu siku ile amekupa habari kubwa, muulize. Usimhubirie, chumba chako si mimbari, wala usimwahidi muujiza. Muulize anaomba vipi siku hizi, au kwa nini haombi tena, kisha msikilize.

Ninachoomba makanisani hakihitaji mfadhili. Chumba cha maombi kiwe na mlango unaofungika. Wanaopokea watu wawe wawili au watatu wanaojulikana kwa kutunza siri, si kikundi kizima. Namba ya simu ya APS wa kituo cha afya cha karibu ibandikwe ukutani humo ndani. Maikrofoni asipewe mtu ambaye hakuiomba.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo sisi hatuiwezi. Mazungumzo yetu yana mwisho, faili hufungwa, na mama anarudi mtaani kwake Bagira au Panzi, kwa mume aliyenuna na majirani wanaochungulia. Hapo ndipo tunawahitaji ninyi. Akirudi, msimwulize walimwambia nini huko. Mpelekeeni unga, ongeeni na mume wake, na nafasi yake kwenye korali iwe bado ipo.