Ng'oeni Nyasi, Lakini Msimwage Zege

Juzi lori la maji lilikuja tena kwa jirani. Maji yenyewe si ya kupikia wala ya kuoga. Ni ya kunyweshea nyasi za Kikuyu za nyuma ya nyumba, ambazo zimebaki viraka vya manjano. Huku Embakasi, Nairobi, mgao wa maji tunaujua sote. Mabomba yakikauka, foleni ya mitungi hufika barabarani. Iliniuma sana.

Nyasi za Kikuyu ni za nyanda za juu. Zinataka mvua, jua na udongo wenye rutuba, ndiyo maana Karen na Limuru zinanawiri. Sisi tuna udongo mweusi ambao ukikauka Februari hupasuka nyufa za kumeza kidole kizima, mizizi ikikatikia humo humo. Na jua lenyewe limezibwa na ghorofa za pande zote. Maji yametoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, hadi hapa, yaje kumwagwa juu ya nyasi zinazokufa?

Kwa hiyo zing'oeni. Kinachonikasirisha ni kinachofuata: mtu akichoshwa na nyasi anaita fundi wa kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza chini, au anamwaga zege ukuta kwa ukuta. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilitufundisha maji yakikosa pa kuzama huelekea wapi. Waulizeni watu wa Mathare na Mukuru, mitaa iliyofurika. Maji unayoyafukuza uani kwako yanaingia kwa mwenzako aliye bondeni.

Badala yake weka kokoto, na uziweke sawasawa. Ng'oa mizizi yote, kwa sababu kipande kimoja cha nyasi hizi kikibaki kitachipuka. Inamisha ardhi kidogo, maji yasielekee kwenye msingi wa nyumba. Tandika kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji. Fundi akikuletea karatasi ya nailoni kwa kuwa ni rahisi, mkatalie: maji yatatuama juu yake na mbu watazaliana. Kokoto ziwe safi, kina cha sentimita 5 hivi, bila vumbi la kwari, maana vumbi hilo hushikana likaziba njia ya maji. Na kwa kuwa udongo mweusi ukilowa huvimba na kunywa polepole, chimba mtaro ukingoni, uujaze mawe, maji yasubiri humo.

Nakubali, shingo upande, kwamba mtoto anayejifunza kutembea ataumia akianguka kwenye kokoto, na kwamba mchana zinachoma. Panda mti upate kivuli, na mishubiri pembeni. Majani yakidondoka, reki ipo.

Sasa kamati ya mtaa wetu inataka nyua zote ziwekwe kabro kabla ya masika, eti mtaa upendeze. Nitalipinga jambo hilo mkutanoni. Majirani mnaosoma hapa, tafadhali njooni tulipinge pamoja.