Mtoto Kiziwi Hahitaji Rampu

Januari shule zilipofunguliwa, nilimsindikiza jirani yangu wa Manyatta hadi steji ya Kondele, hapa Kisumu, kabla jua halijachomoza vizuri. Alikuwa na sanduku la bati lililoandikwa jina kwa rangi nyeupe, godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, na mwanawe wa miaka saba aliyeshika ncha ya leso yake. Mtoto ni kiziwi. Walikuwa wanaelekea Mumias, kwenye shule ya bweni ya viziwi. Jioni mama angerudi peke yake, na hata kupiga simu bwenini kumsalimia mwanawe hawezi.

Wanaotaka shule maalum za bweni zipunguzwe huanzia hapo, nami siwalaumu. Mtoto wa miaka saba ni wa kulala kwao. Sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018 inaegemea upande wao: mtoto asome na wenzake wa mtaa mmoja, shule maalum zibaki kwa wenye mahitaji mazito. Ibara ya 54 ya Katiba nayo inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii, ila imeongeza maneno ambayo wengi huyaruka: kadiri inavyolingana na maslahi yake.

Sasa, maslahi ya yupi? Tumezoea kusema “watoto wenye ulemavu” kana kwamba wote ni wamoja. Chukua msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Anasikia, anaona, anaelewa. Mwalimu yeyote anamtosha. Kinachomfukuza hadi bwenini ni ngazi tatu za saruji na choo chenye mlango mwembamba. Shule moja niliyoitembelea, siitaji, ilikuwa imejenga rampu safi, yaani mteremko wa kupitishia kiti, na kuipaka rangi ya manjano. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mlangoni pake kuna kidato cha kupanda. Msichana wa pale alikuwa hanywi maji tangu asubuhi hadi saa tisa, asije akahitaji kwenda.

Watetezi wa bweni wana jibu, hasa huku nyanda za Kano. Udongo wa Ahero ni ule mweusi unaonata. Mvua ya Aprili ikishika na mto Nyando ukivunja kingo, hata mwenye miguu mizima huvua viatu. Kiti cha magurudumu kitapita wapi? Swali la haki kabisa. Lakini kwa sababu ya wiki chache za mafuriko mtoto hahamishwi kwao miaka na miaka.

Kwa kiziwi mambo hugeuka. Shida yake ni lugha, na lugha haijengwi na fundi wa mawe. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo nyumbani hakuna ajuaye Lugha ya Ishara ya Kenya, ingawa Katiba inaitaja kwa jina. Mtoto hufika shuleni na ishara chache za kuombea chakula na maji. Lugha yenyewe huichuma kwa wenzake: kwenye foleni ya uji, bwenini taa zikiwa bado hazijazimwa, akigombana, akidanganya, akitaniwa. Ndiyo maana siwezi kuziita shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma, zilizoanza 1961, au ile ya Ngala kule Nakuru, masalia ya enzi iliyopita. Mketishe mtoto huyo peke yake katika darasa la watoto 60, hata mwalimu awe amesomea elimu maalum KISE, taasisi ya taifa ya elimu hiyo, atakuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na mtu huyo ana wengine 59 wanaomsubiri.

Wanaonitatiza ni wenye usonji na ulemavu wa akili. Wengi wamewekwa katika vitengo maalum ndani ya shule za kawaida, na mtaala wa umilisi, yaani CBC, umewapa njia ya kusoma kwa hatua badala ya umri. Kwenye karatasi, suluhu ya kati. Nenda ukaone: mara nyingi ni chumba kimoja, mwenye miaka 6 na mwenye miaka 17 pamoja, na anayewalisha na kuwabadilisha nguo ni mama anayelipwa kwa mchango wa wazazi. Mgao wa serikali wa Sh1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haukupigiwa hesabu ya mtu kama huyo, na nyongeza ya mahitaji maalum huchelewa kama migao mingine.

Ningekuwa na kauli, ningeanzia kwenye vituo vya tathmini, vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Pale ndipo mzazi huelekezwa ampeleke mtoto wapi. Huulizwa ni ulemavu gani, na ni shule ipi ina nafasi. Mimi ningeuliza pia: wakati wa mapumziko, atazungumza na nani? Msichana wa kiti ana mtaa mzima. Mvulana wa jirani yangu, wenziwe wako Mumias.

Na bado kuna bei. Agosti akirudi Manyatta, nyanya yake humsemesha kwa kupaza sauti, halafu humgeukia mjukuu mwingine. Huyo ana miaka tisa, na ndiye mkalimani wa nyumba nzima. Ishara alizipata wakicheza bano, yaani gololi, pamoja nyuma ya nyumba. Anasoma shule ya hapo mtaani, na mwalimu wake hajui kama mtoto huyo ana lugha ya tatu.