Mafuta ya mzeituni na chupa ya Mwanjelwa

Juzi nilimsindikiza shangazi sokoni Mwanjelwa. Alitaka mafuta ya mzeituni ampake mjukuu wake, maana baridi ya Mbeya mwaka huu imemkausha mtoto ngozi hadi magotini panapasuka. Tukaingia duka moja la vipodozi. Binti wa dukani akamjibu kwa adabu kabisa: "Mama, ya mzeituni hatuna. Labda uchukue ya olive." Shangazi akashukuru, akageuka aondoke. Ikabidi nimshike mkono: shangazi, ndiyo hayo hayo.

Jambo hili limeniuma tangu siku ile. Shangazi yangu ni mtu wa kanisani, na anakijua kisa cha njiwa wa Nuhu aliyerudi jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Jirani yake Mwislamu anasoma Sura ya 95, inayoanza kwa kiapo cha tini na zaituni. Mitaani tuna mabinti wanaoitwa Zaituni. Neno limekaa kwetu miaka mingi kuliko maduka haya, lakini likifika kwenye rafu ya duka linaonekana geni, na mama mtu mzima anarudi nyumbani mikono mitupu.

Zeituni, au zaituni kama wengine wanavyotamka, tumeipata kwa Waarabu. Wao wanasema zaytun, na mafuta yake ni zayt. Waebrania nao wana zayit. Tunda na mafuta vinachangia jina moja, na hilo halishangazi ukijua mafuta yanavyopatikana. Alizeti unakamua mbegu. Zeituni mafuta yamo kwenye nyama ya tunda, kama parachichi la Rungwe: unaliponda, unalikamua, yanatoka. Hata Gethsemane, ile bustani chini ya Mlima wa Mizeituni, jina lake kwa Kiaramu maana yake ni shinikizo la mafuta. Nilipolijua hilo, kisa cha usiku ule wa mateso kilinigusa upya. Palikuwa mahali pa kukamulia.

Na "olive" je? Hiyo imepita njia nyingine. Wagiriki waliuita mti elaia, Warumi wakasema oliva, na mafuta yake wakayaita oleum. Kutoka oleum Waingereza, kwa kupitia Kifaransa, wakapata neno lao la mafuta, nasi tukalichukua likawa oili. Kwa hiyo fundi wa gereji, mikono myeusi hadi viwikoni, akikwambia oili ya gari imeisha, jina analolitaja lilizaliwa chini ya mzeituni. Petroli nayo imo: petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Bomba la TAZAMA, lile la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, limepitisha mafuta ya namna hiyo katika mikoa yetu ya Iringa na Mbeya tangu 1968, na sidhani kama kuna aliyewahi kuliangalia akakumbuka mti wa Nuhu.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni chupa yenyewe. Niliigeuza pale pale dukani. Ilitoka Hispania, nayo imeandikwa "aceite de oliva". Oliva ni la Warumi. Aceite, yaani mafuta, Wahispania walilichukua kwa Waarabu waliotawala kwao karne nyingi. Ni zayt ile ile. Tunda lenyewe wanaliita aceituna. Litamke polepole, utaisikia zeituni yetu. Neno la binti na neno la shangazi yalikuwa yamekaa pamoja kwenye karatasi moja, na wao wawili hawakuelewana.

Sina ugomvi na oili; imeshakuwa Kiswahili, na gereji haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Ila wenye maduka nawaomba waandike "mafuta ya zeituni" kwenye vibao vyao vya bei, na wawafundishe vijana wao kwamba mzeituni, zaituni na olive ni kitu kimoja. Wateja wengi hawatauliza mara ya pili. Wataondoka, kama shangazi alivyotaka kuondoka.

Tulipofika nyumbani alifungua chupa, akanusa, akamwita mjukuu akampaka magoti taratibu karibu na jiko la mkaa. Kisha akanipa kalamu na kipande cha plasta nyeupe. "Niandikie hapa, mwanangu. Mzeituni." Nikaandika kwa herufi kubwa, akakibandika mwenyewe juu ya ile karatasi ya Kihispania.