Ukikuta chini ya gari pamepakwa rangi mpya, usilipe bado

Watu wengi wakienda yadi kununua gari la mtumba husikiliza injini, huwasha kiyoyozi, hulizunguka gari mara moja, kisha huingia kwenye bei. Kuinama chini, hakuna. Kwa maoni yangu tungeanza na huko chini. Injini ya IST au Noah ikifa, nyingine utaipata Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi. Bodi iliyoliwa na kutu haina duka.

Na jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alishike ni hili: kutu ya kahawia inayoonekana si ya kutisha kama rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nzima.

Kutu nyingi ya magari yetu haikuanzia hapa. Huko Japani, sehemu za Hokkaido, Tohoku na Niigata, wakati wa theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mojawapo ni kloridi ya kalisi, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo tope lenye chumvi hiyo likishajificha ndani ya chesisi halikauki sawasawa hata jua liwake vipi. Gari likishuka Dar es Salaam au Mombasa, likakutana na joto na hewa ya pwani, kazi iliyoanzia Sapporo, mji wa Hokkaido, inaendelea kwa kasi zaidi. Magari ya kutoka Uingereza nayo yamepita kwenye chumvi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, lakini Tanzania magari ya umri mkubwa zaidi bado yanaingia kwa kulipiwa kodi ya ziada. Gari la miaka 15 huenda limepita majira 15 ya baridi.

Ukiuliza lile koti jeusi linalonuka lami, utaambiwa ni kinga. Kinga hupakwa juu ya bati kavu, lililokwanguliwa kutu, likaoshwa chumvi na kupigwa praima, yaani rangi ya kwanza. Koti likipakwa juu ya kutu linafungia unyevu ndani, na bati linaendelea kuliwa gizani mpaka litoboke. Kutu ya wazi unaipima kwa jicho na kwa bisibisi. Iliyofunikwa unaibahatisha tu. Kiwandani pia hupaka chini, lakini kwa mpangilio: bushi za raba, vichwa vya bolti, stika na bomba la eksozi huachwa bila koti. Ukikuta matone meusi juu ya eksozi na springi, jua mtu amepita na dawa ya kupuliza hivi karibuni, na una haki ya kumuuliza muuzaji alikuwa anaficha nini.

Kwa gari la Japani, karatasi zitangulie tochi. Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa gari lilipouzwa mnadani Japani. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na C ni bati lililokwisha kuliwa. Namba inayofuata inaonyesha ukubwa. Ila mchoro huo ni wa juu. Habari za chini huandikwa kwa maneno ya Kijapani pembeni. Tafuta サビ, husomwa sabi, yaani kutu. Ikitanguliwa na 下回り, ni kutu ya chini ya gari. Mji wa mnada peke yake si ushahidi, kwa sababu magari husafirishwa kutoka mkoa hadi mkoa kwenda kuuzwa. Afadhali uangalie cheti cha kuuza nje: namba ya usajili ya zamani huanza na jina la eneo ambako gari lilisajiliwa. Na kwa kuwa picha ya WhatsApp inaweza kufutwa mstari mmoja bila mtu kujua, tafuta nakala ya karatasi ya mnada mwenyewe kwa kutumia namba ya chesisi.

Halafu ndiyo uvae nguo za kazi. Beba tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na simu. Gari lipelekwe kwenye shimo la gereji. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Anza na vizingiti, yaani lile bati la chini ya mlango unalolivuka ukipanda. Ukingo wake wa chini una sehemu mbili kila upande za kuwekea jeki, moja nyuma ya tairi la mbele, nyingine mbele ya tairi la nyuma. Hapo rangi huchubuka kila jeki inapowekwa, na kutu huanza. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisogea kidogo kidogo toka mbele hadi nyuma. Bati zima linalia wazi. Lililooza linatoa sauti butu, kama unagonga boksi la karatasi, na lililojazwa puti linatoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Sikiliza pale sauti inapobadilika. Hapo simama, washa tochi, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita 0.7 hadi 0.8 tu, hivyo likibonyea kwa mkono limekwisha.

Kwa Hilux, Prado, Jimny na mengine yenye chesisi ya pekee, yaani fremu iliyotengwa na bodi, uozo hutokea ndani kwenda nje. Chesisi ni kama boksi refu lenye matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope, boksi linageuka birika. Ingiza kidole kwenye tundu, au ingiza kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Vumbi la kahawia si kitu. Magamba mapana yanayotoka kama maganda ya mti ni habari nyingine kabisa. Tazama zaidi juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi na mikono ya ekseli inapofungwa. Anayesema Toyota haishiki kutu akumbuke kwamba mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi huko Marekani, makubaliano ya hadi dola bilioni 3.4, kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaoza.

Ukiwa bado shimoni, tazama vichwa vya bolti za krosi memba, yaani mihimili ya chini inayokatiza gari. Kichwa cha milimita 14 ambacho kona zake zimeliwa hadi spana ya 14 inacheza kimekaa sana kwenye chumvi, hata kama bodi inang'aa. Kisha fuata paipu za breki kwa kidole. Zile za kawaida zina kipenyo cha milimita 4.75, na ukuta wake haufiki milimita moja. Zikiwa na ukurutu unaodondoka, zihesabu kuwa ni za kubadilisha kabla ya safari ya kwanza. Eksozi ya kahawia na diski za breki zilizopata kutu usiku mmoja, achana nazo.

Juu, fungua boneti uangalie vikombe vya shokapu, pale shokapu za mbele zinapofungwa juu, na gundi ya mishono inayovizunguka. Gundi iliyovimba inasukumwa na kutu, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Pitisha sumaku kwenye matao ya matairi ya nyuma na chini ya milango. Isiponata kuna puti nene, isipokuwa sehemu ambazo si chuma, kama madgadi za mbele za X-Trail ya T30, ambazo ni za plastiki. Malengelenge ya rangi kando ya kioo cha mbele ni ghali kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kioo lazima kitoke ndipo yatengenezwe.

Kwa Probox, Hiace na pikapu za pwani, inua kapeti au zulia la nyuma hadi bati. Gari lililobeba samaki hudondokewa na maji ya barafu yenye chumvi kila siku, na harufu ikishatolewa kwa sabuni, kutu hubaki pale chini.

Bati lililokatwa, likachomelewa jipya na kupigwa praima pande zote mbili si sababu ya kuliacha gari. Omba tu kuona mshono wa ndani. Kizingiti kilichojazwa povu au nyuzi kisha kikapakwa rangi, hapana, kwa bei yoyote, kwa sababu kizingiti hicho ndicho kinachobeba uzito na kuwalinda walio ndani gari likigongwa ubavuni.

Ukishanunua lenye kutu ya juujuu tu, usikimbilie oili chafu, inaharibu bushi za raba na kuchafua ardhi. Ingiza mpira wa maji baridi kwenye matundu ya chesisi mpaka maji yatoke meupe, liache juani siku tatu, kwangua kwa brashi ya waya, piga praima yenye zinki na rangi, kisha puliza nta ndani ya matundu yale yale, na uyaache wazi.